Silabi Nne

Ijumaa Popo katoa fumbo jipya.
Popo ni Faki wa duka la fotokopi, Wete nzima tunajua,
ila ukimwita hivyo anajifanya anahesabu chenji.
Karatasi mia tano. Kila kisanduku silabi moja,
vyeusi vimekaa kama mapengo.
"Kwa nini Popo?" niliwahi kumuuliza.
"Maneno nayaona yakiwa kichwa chini."

Nikaenda nayo Limbani, kwa Time binti Shaame,
niliyekaa naye dawati moja miaka saba.
Tangu Rajabu, alipofiwa na mama yake,
hatuna mazungumzo mengine ila haya:
kulia namba ngapi, chini namba ngapi.

*Si changu, si chako; rudia, ushuke garini.*
Mwanawe Hamadi akapiga kelele toka uani:
"Chake Chake!" Hata hakuwa ameiona karatasi.

*Wali umepinduka, bibi arusi kajipaka.*
"Wali haupakwi," nikasema.
"Usiule. Upindue."
Wa-li. Li-wa.
Tukacheka, kisha tukaacha pamoja,
maana jiwe la kusugulia liwa lilikuwa pale ukumbini,
limeegemezwa ukutani, kavu,
na aliyewasugulia mabibi arusi wa mtaa mzima
hakuna kati yetu aliyemtaja.

*Mhunzi anacho, mkarafuuni wanafanya.*
Hapo tuligombana kidogo, ugomvi mtamu.
Chuma, sawa, lakini Time ni mwalimu wa sarufi:
"Nomino na kitenzi havilali kitanda kimoja!"
"Kwa Popo vinalala."
"Basi Popo hana adabu."
Akaandika hivyo hivyo, kwa wino.
Yeye haandiki kwa penseli.

Ikabaki chini, namba tisa:
*Samaki kakatwa mkia, nenda msibani:
gumu kutoka kinywani.*
Silabi nne. Ya tatu tunayo: ha, ya hamali.

Nikaanza kuvua. Nguru bila ru.
Kolekole bila le. Changu, hata changu nikamkata.
"Unamtafutia jina la nini?" akasema Time.
"Samaki ni samaki."
Sa-ma. Ki ikaanguka.

"Nenda msibani," akasoma tena,
taratibu, kama anayesomea watoto imla.
"Silabi mbili. Wenye kulijua neno hili
hulijua kwa miguu."

Nililijua. Nilikuwa na siku arubaini za kulijua,
na boti zikiondoka Malindi mbele ya macho yangu,
mimi Unguja nahesabu nyudhuru:
homa, kazi, bahari chafu, nauli.
Nauli nilikuwa nayo.

"Hani," nikasema.
Kalamu yake ikaandika ni, ikatulia.
"Sasa lisome lote."

Visanduku vinne, vyeupe, vidogo,
neno ambalo kila siku namtupia mtu niliyemkanyaga sokoni.
Koo likanikauka kama nimemeza mwiba wa yule samaki.
"Samahani."

Akahesabu kwa ncha ya kalamu: sa, ma, ha, ni.
"Hilo ni jibu la Popo," akauliza, "au lako?"
Sijui kama nilitikisa kichwa au nilikiinamisha tu.
Hamadi uani alikuwa anapiga mpira ukutani,
tukamsikiliza mipigo mingi.

Halafu akanisogezea karatasi.
"Bado kumi na mbili. *Mali imepinduka, viganja vina malengelenge.*"
"Lima," tukasema sote, sauti zikigongana,
na mimi ndiye niliyeandika, kwa kalamu yake.

Vilibaki visanduku sita. Hatukuvimaliza.
Time alisimama, akatafuta baibui lake nyuma ya mlango.
"Mama mdogo Khole yuko Kizimbani," akasema.
"Ndugu wa marehemu. Naye hukwenda kwake."
Nikauliza kama tuite bodaboda.
"Karibu tu hapo," akasema. "Kwa miguu."