Vyao Vinatutazama

"Maji yamegoma," Bi Evanthia alisema kwenye simu,
"na Februari hii hainionei haya."
Nikabeba spana, gesi ya kulehemu, kipande cha shaba,
ngazi sitini na mbili hadi juu ya paa,
goti la kushoto likizihesabu kwa sauti.

Huku juu Nikosia ni mji mwingine.
Kila nyumba imejitwika tangi lake,
na chini ya tangi, kioo kilicholala chali.

Nikafungua kasha.
Bati jeusi lilikuwa likitoka jasho,
na ndani ya mirija, chokaa:
miaka kumi na tisa ya maji magumu
duara ndani ya duara,
hata njia ikabaki upana wa penseli.
Wanasema maji hufuata mkondo. Haya hupanda:
yakipata moto yanaondoka yenyewe kwenda juu,
ya baridi yanashuka kushika zamu,
hakuna pampu, hakuna wa kuyasukuma.
Ila wayaachie pa kupita.

Nikakata. Nikalehemu.
Shaba ikanuka kama sarafu kiganjani mwa mtoto.

Bi Evanthia alisimama na kahawa yangu ikipoa mkononi mwake,
amevaa koti la marehemu Loizos, mikono imekunjwa mara mbili.
Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya mapipa na waya,
upande wa kaskazini.
"Mbona vyao vinatutazama?"

Kweli. Mapaa yote ya kule
vioo vimetukodolea macho,
na vyetu vimewapa kisogo.

"Jua liko kusini, mama. Wote tunaelekea huko huko.
Sisi tumetangulia tu kwenye foleni."

Akanyamaza. Akainywa kahawa yangu.
"Tangu niolewe," akasema,
"nilidhani wanatuchungulia."

Kule, mwanamume mwenye fulana ya buluu
alikuwa akifuta kioo chake kwa gazeti.
Akainua mkono. Labda alipunga,
labda alikung'uta vumbi.
Nikainua spana, isiwe deni.

Saa kumi jioni simu ikalia.
"Stelios! Yanaunguza!"
Alikuwa analalamika, au alikuwa analia,
nyuma yake bomba likimwagika kwa nguvu.
"Nimesahau," akasema, "nimesahau kabisa
namna ya kuchanganya na baridi."