Plasta juu ya Enta

Nilipofika Wete nilikuta Enta imebandikwa plasta,
ile ya kidonda, rangi ya mchanga,
na Mafunda, karani wa vizazi na vifo,
akanambia: hicho usikiguse, hicho kinaua.

Sikucheka. Ukurasa ule niliuandika mimi.
Fomu tatu nimezipanga kama mafungu ya dagaa:
juu vifo, kati vizazi,
chini pa kutafutia jina la mtu.
Tatu kwa macho; ndani nimezitia kapu moja,
na Enta nikaiachia ibonyeze kitufe itakachokiona kwanza.
Nikafunga kompyuta, nikenda zangu kula pweza.

Jumatatu akaja Bi Mize Shaame wa Mchanga Mdogo
na mjukuu wa siku tisa ndani ya kanga.
Mafunda akauliza, akaandika: Haroub Faki Kombo,
kilo tatu kasorobo,
akapiga Enta bila kuitazama, kama makarani wapigavyo,
na iliyoitika ni fomu ya juu.

Cheti kikatoka kingali na joto.
Bi Mize hasomi herufi hizi, anasoma za msahafu.
Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru,
akakikunja, akakitia kifuani, karibu na mtoto.
Ni kijana wa stashanari, alipopelekewa atoe kopi,
ndiye aliyenyamaza kupita kiasi.

Usiku ule nilikesha na kosa langu.
Ukibisha hodi kwa Time, haitiki Raya
ati kwa kuwa mlango wake ndio wa kwanza mtaani.
Basi kila fomu nikaipa mlango wake na sikio lake:
Enta iitikwe pale kishale kinapopepesa, si penginepo.
Kwenye maelezo marefu ishushe mstari tu.
Na vifo nikavitia komeo,
visende kwa kidole kimoja, viulize kwanza.
Nikamsajili mtoto wa uongo mara arubaini.
Mara arubaini akazaliwa.

Haroub alirudishwa kwa walio hai
kwa barua mbili, muhuri, na saini ya sheha.
Nikamwambia Mafunda, sasa bandua.
Akaitazama plasta, ukingo mmoja umeanza kuchanuka,
akaukandamiza kwa ukucha hadi ukashika.
"Wewe umeshatengeneza," akasema.
"Kidole changu bado."