Mtungi wa Nane

Ulizaliwa likizoni, Nuswaiba,
ndilo kosa lako la pekee.
Wenzako wa Machi na wa Juni
huitwa mbele mstarini wakaimbiwa,
mwalimu akawapa peremende mbili na kalamu.
Wewe, kila Agosti, shule ina kufuli
na mbuzi wa jirani wamelala langoni.

Mwaka huu nikasema, haidhuru,
shule itakuja uani kwetu.
Nikamwita Kadzo, nikamwita Mwachiro,
na pacha wa mama Saumu,
na yule mtoto wa ghorofani nisiyemjua jina,
sisi twamwita Chaja,
maana kila magharibi huja na simu ya babake
kuomba stima.

Lakini Mishomoroni iliamka kavu.
Siku ya tano. Bomba likakohoa,
likatoa pumzi, likanyamaza
kama mtu aliyekuja kukopa akaona haya.
Munyao akapita na mkokoteni:
mtungi umefika hamsini, mama, si mimi, ni kisima.
Mkobani mlikuwa na pesa za keki.
Nikanunua minane.

Basi keki ikawa mkate wa sinia,
makaa juu, makaa chini,
shangazi yako akipepea na kifuniko cha ndoo,
akilalamikia moshi, akionja, akilalamika tena.

Mavyaa akaipanga mitungi ukutani
akaigawa kama mirathi:
huu wa pilau, huu wa vyombo,
huu wa udhu, hii miwili ya choo,
huu wa nguo, huu uchemshwe tunywe.
Wa nane akaufunika kwa kanga yake kuukuu
ambayo methali imechujuka
limesalia neno moja tu: MTASEMA.
"Huu," akasema, "asiuguse mtu."

Tukala. Mshumaa ulikuwa ule wa stima ikipotea,
mnene, umeshaliwa nusu,
ukasimamia miaka yako yote peke yake.
Ukauzima kabla wimbo haujaisha,
Mwachiro akadai turudie,
tukarudia, ukauzima mapema tena.

Kisha Twalib akatokea na kopo tupu:
"Na kumwagiwa je? Mtoto hakui bila kumwagiwa!"
Uani pote kimya.
Macho ya watoto kumi na mmoja
yakaenda kwenye kanga ile.

"Maji ya kununua hayamwagwi," akasema Bibi.
"Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige,
mwezi haukuandikwa, siku haikuulizwa,
na nilikua."

Nawe, mdomo umejaa mkate,
ukamuuliza, si kwa ujeuri, kwa kutaka kujua tu:
"Kwa hivyo, Bibi, wewe hujamwagiwa hata mara moja?"

Nilikuwa nakuna sufuria, nikaacha.
Mavyaa wangu hajibu upesi.
Aliangalia viganja vyake, akaangalia mtungi,
akaiondoa kanga, akaikunja mara nne,
akaifunua tena.
"Lete kopo."

Bismillahi, la kwanza utosini pako.
Ukapiga ukelele ukasikika hadi kwa kinyozi.
La pili. La tatu, na Chaja akajipenyeza chini yake.
Ndipo ukampokonya kopo
(mtoto wangu, mkono wenye adabu, siku zote!)
ukalijaza pomoni, ukapanda kigoda:
"Na wewe ni leo, Bibi. Nakugawia."

Maji yakamshuka kwenye ushungi,
kwenye nyusi, shingoni,
akavuta pumzi kama aliyechomwa na mwiba,
halafu akacheka.
Miaka kumi na miwili nyumbani kwake,
nami sikujua kuwa meno ya nyuma hana.

Jioni Shee akarudi kutoka bohari, viatu mkononi,
akasimama kwenye tope la ua wake.
"Maji yamerudi?"

Sikumjibu. Nilimwonyesha kambani
kanga ya mamake,
inadondosha tone, tone,
na chini yake wewe umekinga kopo,
unayahesabu.