Nusu ya Waiswa

Mara ya kwanza aliponiita Walukuba
nilidhani kinanda kimeliwa na panya.
Nilikwenda na uma wa sauti, na ufunguo wa kukazia,
na kipande cha blanketi cha kunyamazishia nyuzi.
Akanipokea mlangoni: Fundi, kiko sawa mno.
Kiharibu.

Marehemu baba alinifundisha kukaza,
hakunifundisha kupotoa.
Tenywa akabonyeza kitufe kimoja, akatikisa kichwa,
akabonyeza cha pili, akakunja uso
kama aliyetafuna kwinini.
Kisha akavuta uvunguni ubao wa nsambya,
ubao mmoja tu, umebonyea katikati kwa kupigwa,
akaugonga.
Sauti ikatoka, ikakaa baina ya vitufe viwili,
pale ambapo kinanda hakina mlango.
Hapo, akasema. Nipeleke hapo.

Ilinichukua siku tatu. Alinilipa ya siku moja.

Alikuwa mwalimu wa darasa la sita:
hesabu asubuhi, kwaya mchana,
na saa kumi alfajiri, kabla jirani hajawasha redio,
mtunzi.
Karatasi ya mistari mitano haiuzwi Jinja,
basi alifunga kalamu tano kwa mpira wa baiskeli
akazikokota pamoja nyuma ya mitihani ya zamani.
Upande huu Naigaga ana machungwa ishirini na manne
na anamgawia kaka yake robo;
upande ule fidla mbili, viola na selo
wanagombea robo hiyo hiyo.

Kwao ni ndani, ng'ambo ya Iganga.
Huko marimba huchimbiwa shimo,
migomba miwili hulazwa kandokando, mbao juu yake,
na wapigaji huketi pande mbili wakitazamana.
Huyu anapiga. Yule anapenyeza
katikati ya pigo la huyu.
Wimbo hauko mkononi mwa yeyote, alinieleza,
ukimwuliza mmoja akupigie peke yake
utadhani anakutania.
Mimi nilikaa mashariki, Waiswa magharibi.
Tulianzia tumboni, Fundi.

Waiswa alikuwa utingo wa lori la miwa, barabara ya Kakira.
Lori liliinama.
Sisi hatusemi pacha amekufa, alisema,
twasema ameruka.
Akaifuta meza iliyokuwa safi.

Mwaka uliofuata kazi yake ilipigwa Bergen.
Walimtumia sauti kwenye simu;
tuliitia simu ndani ya sufuria ili isikike.
Kila nota ilikuwapo, imeoshwa, imepanguswa, imepangwa kabatini.
Mimi nilipiga makofi, peke yangu, jikoni.
Yeye alirudisha nyuma, akasikiliza tena, akazima.
Wana adabu, alisema. Kila mtu anasubiri zamu yake.
Hakuna hata mmoja aliyemwingilia mwenzake.

Hiyo ya mwisho aliiandika kwa kinanda tu.
Nilisafiri nacho juu ya pikapu mpaka ukumbi wa shule,
nimekikumbatia kwenye matuta,
nikakipotoa upya chini ya picha za wakuu wa zamani.
Wazazi wakajaa. Soda zikafunguliwa.

Akapiga kwa mkono wa kulia. Nota, kisha pengo.
Nota, nota, pengo. Haraka, haraka zaidi,
mkono ukiruka juu ya mashimo bila kutazama chini,
na ule wa kushoto ameulaza pajani, kiganja juu,
kama mtu anayesubiri chenji.
Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamfinya.
Mwalimu mkuu akaniinamia sikioni, jasho limemtoka:
Fundi, kimeharibika?

Nilitafuta nafasi ya kumjibu
baina ya nota moja na nyingine.
Palikuwa pamejaa.