Kifurushi

Nilinunua kifurushi cha usiku kwa bei ya sahani ya chipsi
ili nipakue kifurushi kingine, kidogo,
cha kuchapa lebo za dawa
kwenye kompyuta ya zahanati ya Mbagala Kuu,
kuukuu, niliyoinyoa Linux mpaka kipara:
haina madirisha, haina kipanya, haina hata saa,
ina kiini tu, na kistari cheupe kinachopepesa
kama mtu asiyetaka kusema ndiyo wala hapana.

Nikaandika: jenga.
Ikajibu: sina maktaba ya herufi.
Nikaileta.
Nayo ikasema: siendi popote bila maktaba ya picha.
Ya picha ikamtaka mgandamizaji,
mgandamizaji akamtaka mkusanyaji mpya,
na mkusanyaji, ili akusanywe,
alitaka mkusanyaji.

Nilicheka peke yangu, saa saba usiku, Tandika.
Ni ile posa ya kaka yangu Kondo kule Kibiti:
baba mtu alitutuma kwa mjomba,
mjomba akasema mwenye neno ni shangazi,
shangazi yuko Ikwiriri,
na shangazi, tulipompata, akauliza,
"Baba mtu amesemaje?"

Nikaomba mkusanyaji wa zamani, mzembe,
anitengenezee mwenzake mwenye akili.
Maandishi yakaanza kushuka. Mengine siyaelewi,
nayaheshimu tu.
Feni ikavuma. Bi Mbwilo akagonga ukuta:
mita yetu ni moja, na friji lake lina barafu
za watoto wa shule.
"Mwinshehe! Unapika nini kinachokula umeme hivyo?"
"Lebo, mama."
"Bado hazijaiva?"
"Bado. Kwanza natengeneza sufuria."

Asilimia sabini na moja, Luku ikaisha.
Friji likakoroma mara moja, likanyamaza.

Tulichanga: yeye elfu tatu, mimi mbili,
tukasimama uani na tochi ya simu,
yeye akisoma tarakimu nne nne
kama anayesoma majina ya marehemu,
mimi nikibonyeza. Tukakosea. Tukarudia.
Taa ikawaka, hakuna aliyeshangilia.

Niliogopa kuanza moja.
Lakini mashine haikuanza moja.
Ilipita faili kwa faili, hii ipo, hii ipo,
hii ipo,
kama mwalimu mwenye daftari la mahudhurio,
ikafika pale ilipozimikia
ikashika kazi bila kuuliza nilikuwa wapi.

Saa kumi na nusu printa ikakohoa.
Karatasi ndogo, upana wa vidole viwili,
wino umepauka, herufi ya mwisho imepinda.
Niliisoma kwa sauti, kwa ajili ya mtu
ambaye simjui, atakayeugua Jumatatu:

*Vidonge viwili. Kutwa mara tatu.
Baada ya kula.*

Ndipo nikazikumbuka zile chipsi.
Upande wa pili wa ukuta
Bi Mbwilo alikuwa ameshabandika mafuta.