Kubisha

Tanga limelala sebuleni kama mgonjwa,
kichwa kiko chini ya meza ya chakula,
miguu imetokeza hadi mlango wa choo.
Tumsifu analiruka akienda kunywa maji
nami napiga kelele: viatu!

Nimeziba tundu la pili kwa gundi ya kijivu.
La kwanza nililitoboa mwenyewe, Januari,
nilipouangukia mlingoti kwa goti
mbele ya watoto wa shule waliokuja kutembea Kunduchi,
wakanipigia makofi.

Kesho ni Mbudya.
Si kwa boti ya watalii yenye soda na samaki wa kukaanga;
kwa miguu yangu, juu ya ubao wa mitumba
niliouziwa laki nne na daktari wa meno aliyehamia Arusha.
Haidari, anayenifundisha, amesema, "Uko tayari kiasi."
Neno hilo, kiasi, nimelala nalo wiki nzima.

Daftari langu (kazini mimi ni mhasibu,
mkono hauachi mazoea) linasema:
Agosti mwaka jana, kuanguka mara arobaini na mbili kwa saa moja.
Jumapili iliyopita, mara tisa.
Na katika hizo tisa, mbili nilisukumwa na wimbi,
sizikubali, nimeziandika kwa penseli.

Mama alikuwa akisema mimi mbishi,
nitazeeka nikibishana na sufuria.
Hakujua, wala mimi sikujua,
kwamba majini kubisha ni ufundi:
upepo ukikutazama usoni huuendei,
unakwenda upande, kama mtu asiye na haja,
halafu unageuza mguu, mkono, shingo,
unashika upande wa pili,
na kila ukigeuka umeula upepo hatua mbili.
Ilinichukua miezi mitano kujifunza jambo
ambalo kila mpangaji anayeomba kusogezewa siku ya kodi analijua.

Saa nne usiku. Nahesabu kwa vidole:
kamba ya kuinulia, ipo. Mkanda wa kiunoni, upo.
Jaketi la kuelea, linanuka lakini lipo.
Chupa ya maji, tende, filimbi ya shingoni.
Pezi, lipo.
Parafujo ya pezi.

Parafujo ya pezi?

Tumekung'uta mifuko, tumeinua makochi,
Tumsifu amemulika chini ya friji, akatoa vifuniko saba vya soda
na jino lake la mwezi wa tatu.
Bila pezi ubao ni sinia, unazunguka tu, hauna adabu.
Maduka yamefungwa.
Kwenye jengo hili mwenye makopo ya parafujo ni mmoja,
Mzee Komba wa chini, fundi feni,
na tangu Machi hatusalimiani, mimi na yeye,
kwa ajili ya bili ya maji.

Nashuka ngazi, pezi mkononi.
Nabisha hodi.
Anafungua nusu mlango, kifua wazi, miwani utosini.
Siendi moja kwa moja.
Naanza na mguu wa mkewe: umepoa? Kidogo.
Nageuka: joto la leo. Ndiyo, joto.
Nageuka tena: ile bili, huenda mita niliisoma vibaya.
Kimya.
Nahisi sakafu inayumba chini ya nyayo,
nakunja magoti, kama nilivyofundishwa.

"Na hilo nini?"
"Pezi."
"La samaki gani?"
"Mimi."

Makopo manne yanamwagwa juu ya gazeti.
Anapima tundu kwa ukucha wa kidole cha mwisho,
anajaribu, anatupa, anajaribu.
Ya sita inaingia, inakaza, inalia kidogo.
"Hii ilikuwa ya feni la dari," anasema. "Jumatatu uirudishe."
Bili hakuitaja.
Mlango ukafungwa taratibu kuliko nilivyouzoea.

Napanda ngazi gizani, parafujo nimeitia mdomoni,
ina ladha ya kutu na grisi,
nisije nikaiangusha,
au nikasema neno.