Tatu na Moja

Picha ya mawimbi ilisema: kivimbe kimoja.
Ukilifanya titi uso wa saa, kipo penye mbili,
ukubwa wa kokwa ya kunazi.

Titi la Tong Suzhen lilifika mezani kwangu alasiri,
Lanzhou ikiwa imefunikwa vumbi la manjano.
Karatasi: miaka arobaini na tisa, hedhi bado inakuja.
Nyama yake ilikuwa imeshikana,
kama ya wengi wanaopita hapa;
kwenye picha, weupe ulikuwa umeficha weupe.

Kisu hakisomi picha.
Cha pili nilikihisi kabla ya kukiona,
chembe ya mchanga chini ya kidole.
Cha tatu nyuma ya chuchu.
Cha nne nusura nikitupe, nilidhani mafuta.

Watoto wa tumbo moja,
ila chini ya darubini hawakufanana.
Watatu walikunywa rangi ya homoni wakawa kahawia.
Wa nne alikataa, akabaki na ubuluu wake,
na dawa itakayowalaza wenzake
yeye haitamsinzisha.
Kwapani, tezi sita kati ya kumi na saba
zilikwisha kufunguliwa mlango.

Niliandika: 4.

Siku ya majibu, binti yake, Peiwen, alinivizia penye lifti,
lifti isiyo na ghorofa ya nne,
inayoruka kutoka tatu hadi tano
kama mtoto anavyoruka dimbwi.
Kwetu nne na kifo ni midomo ileile,
sauti tu: moja huporomoka,
nyingine huzama ikaibuka.
"Mama tumemwambia ni jipu," alisema.
"Akikuuliza, sema tatu na moja."
Mimi si wa kusema, nikamjibu. Mimi ni wa kukata.

Suzhen alikuwa nyuma yetu,
mkononi chupa ya bomba, maji yake mekundu.
Fundi zipu; miaka ishirini na sita
kwenye kijibanda chini ya ngazi za daraja.
"Tatu na moja," alirudia, kama anayejaribu kiatu.
Peiwen akatazama sakafu.
"Zipu yenye meno mia haikwami kwa sababu ya mia.
Hukwama kwa lile moja.
Nionyeshe hilo moja."

Sheria hairuhusu.
Nilimfungulia maabara, nikawasha taa ya darubini,
nikamsogezea kiti.
Akainama, akainuka.
"Ngoja," akasema, akipapasa mfukoni,
"nivae miwani."